Theluthi Yangu ni ya Mukabalisa

Sogeeni karibu, wanangu, na mwache kunong'ona pale mlangoni kama watu waliokwisha kunizika, kwa maana miguu hii iliyovimba ndiyo iliyotangulia kuchoka, si masikio, wala si ulimi. Swedi, keti hapo mkekani niuone uso wako. Habiba, niongezee mto mgongoni, pumzi hunikimbia nikilala chali. Shehe Nasibu, nawe Mzee Munyakazi jirani yangu, nimewaita muwe mashahidi, myashike nitakayosema kama nilivyoyasema, msiongeze chumvi wala msipunguze pilipili.

Mimi Asumini binti Songoro, mshona nguo wa Rwezamenyo hapa Kigali, nasema nikiwa na akili zangu timamu, ili mtu asije akadai kesho kwamba homa ndiyo iliyosema. Sina deni la mwanadamu. Deni nililo nalo ni la Mola wangu, Ramadhani hizi za ugonjwa ambazo sikufunga, na Habiba anawajua masikini wa kulishwa kwa ajili yake. Nyumba hii na kiwanja chake ni jasho la cherehani yangu. Theluthi mbili ni zenu kama Mungu alivyozigawa, wewe Swedi sehemu mbili na dada yako sehemu moja, na hapo mimi sina kauli. Lakini theluthi moja Mungu ameniachia niitamke kwa kinywa changu mwenyewe, nimpe nimtakaye asiye mrithi. Theluthi yangu ni chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, pamoja na cherehani, meza ya kukatia na mikasi yake. Nampa Mukabalisa.

Tulia, Swedi, tulia. Najua unachotaka kusema, maana ulikisema juzi hapo uani ukidhani nimelala. Ulisema, "Huyo mwanamke ni mgeni, katoka Uganda, si damu yetu wala hasali nasi, na chumba kile nimekwisha kukiwekea nia ya duka la vipuri vya magari." Nilisikia kila neno. Duka la vipuri ni jambo jema, una lako kule Gisimenti na linakulisha, Mungu alizidishe. Na hilo la dini nimemuuliza Shehe mbele ya Mzee Munyakazi, naye akasema theluthi yaweza kwenda hata kwa jirani wa dini nyingine. Ndivyo, Shehe? Haya, mmemwona ameitikia. Basi sheria imekwisha kusema yake. Kilichobaki ni moyo wako, mwanangu, na moyo hausukumwi na sheria, unasukumwa na kukumbuka. Mengine nitakayosimulia uliyaona kwa macho yako, ukayafunika. Leo nayafunua.

Babu yenu Songoro alikuwa mtu wa Ujiji, mbeba mizigo. Alifika hapa wakati Kigali ni kilima tu chenye mabati mawili matatu na wazungu wachache, kichwani kabeba majora ya nguo za Mhindi mmoja ambaye hakuwahi hata kumjua jina. Msafara ulipogeuza kurudi, yeye mguu ulikuwa umeoza kwa kidonda, wakamwacha chini ya upenu wa mtu kama gunia lililopasuka. Aliyemletea maji alikuwa msichana wa ng'ambo ya Nyabugogo, Nyiraneza, mama yangu mimi. Alimletea maji, kesho yake akamletea maharage, na mguu ulipopona akamletea nafsi yake, akawa mke wake. Ndugu zake wakamjia juu. Wakamwambia, "Mwanamume asiye na ng'ombe wala kilima ni jani juu ya maji." Mama yangu akawajibu, "Jani hili nitalifunga jiwe." Wakamkata, hawakumtembelea hadi anakufa, wakaja siku ya msiba kula wali wetu. Kinyongo hicho nilikibeba miaka mingi, na leo nakitua hapa mbele yenu, si kwa sababu walistahili, ila kwa sababu sitaki kwenda nacho kaburini kikanibana.

Mimi basi nimezaliwa hapa. Maziwa niliyonyonya ni ya hapa, lugha ya kwanza kunibembeleza usingizi ni Kinyarwanda, Kiswahili kikaja asubuhi baba aliponiamsha. Lakini Wabelgiji walitupanga sote katika kambi ya Waswahili kule Biryogo, na aliyetaka kwenda kulala kwa shemeji yake kilimani sharti aombe ruhusa kama mfungwa. Shule zilikuwa za misheni, mlangoni wanakuuliza jina la ubatizo kabla ya kukuuliza kama unajua kuhesabu. Huko vilimani mtoto akisema uongo mama yake humkemea, "Acha Uswahili!" Neno hilo ndilo jina letu. Tulilivaa hivyo hivyo, likiwa na matope yake, tukalifua wenyewe.

Mwaka wa sitini na mbili bendera ya Mbelgiji ikateremshwa, na hapa mtaani tulipiga ngoma mpaka ngozi ikalegea, tukadhani ugeni wetu umeteremshwa pamoja nayo. Kumbe kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yenyewe ilibadilisha mkono wa kuishika tu. Haukupita muda mrefu akaja mkubwa mmoja wa komini, yaani serikali ya mahali, kijana mwenye viatu vipya, akasimama hapo kizingitini, baba amekaa anasokota uzi. Akauliza, "Muzehe, kwenu wapi?"

Baba akasema, "Kwetu ni pale nguo zangu zinapoanikwa."

"Sikuulizi za nguo. Nakuuliza kwenu. Nyinyi watu wa Tanganyika mna nchi yenu, nayo imekwisha pata uhuru wake. Mvua zikianza nisiwakute hapa."

Baba akainua macho akatazama kamba ya nguo, kanzu yake inapepea, akasema, "Bado mbichi." Akarudi kwenye uzi wake. 

Mzee Munyakazi, wewe ulikuwepo, ulicheka mpaka ukajificha nyuma ya ukuta wako. Lakini mume wangu, Hamisi, baba yenu, hakucheka. Hofu ilimwingia kama maji yaingiavyo kwenye kibuyu chenye ufa, kimya kimya. Akaniambia, "Mama Swedi, mzee amekwisha kuishi yake, sisi tuna watoto. Twende kwetu." Nikamuuliza kwetu ndiko wapi, akasema Ujiji, kwa ndugu za baba yako na za baba yangu, huko hakuna wa kutuuliza. Nikamfuata, maana nilikuwa mke, na kwa sababu, nisiwafiche, nilitaka na mimi niione nchi ambayo mtu hasimami mlangoni akakuuliza. Tukapanda lori hadi Bujumbura, na kutoka Bujumbura tukapanda meli, wewe Swedi una miaka sita, umeshika ncha ya kitenge changu, Habiba mgongoni, na baba yenu kakumbatia cherehani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Babu yenu alibaki. Alitusindikiza hadi kwenye lori, akasema, "Nendeni salama. Mimi nguo zangu bado hazijakauka."

Tulifika Ujiji tukiwa na anwani za kinywani tu, fulani mtoto wa fulani karibu na msikiti fulani. Tukawapata. Shangazi yake baba yangu alikwisha kufa, tukapokewa na watoto wake. Siku ya kwanza walituchinjia kuku. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema kweli, na mimi nililitaka hilo jembe, nilitaka kufanya kazi, lakini wale ndugu hawakutoa jembe, walitoa swali. Wakawa wanauliza kila jioni, kwa upole, huku wanatumiminia chai, "Na kwenu huko Ruanda mtarudi lini?"

Kwenu huko Ruanda! Habiba, wewe ulikuwa mchanga, hukusikia. Lakini Swedi alisikia. Swedi alitoka kucheza na watoto wa mtaa, akawaambia, "Mama ameniita kura," alitaka kusema kula, ulimi wetu wa huku haupambanui, na watoto wakalidaka neno hilo wakamfanya mchezo. Wakamwita Kura-kura. Wakamfuata hadi kisimani wakiimba, "Kura-kura, Mnyaruanda, rudi kwenu ukalishe ng'ombe!" Siku moja ulirudi, mwanangu, kanzu imechanwa toka shingoni hadi kiunoni na mdomo una damu, ukaniuliza, "Mama, mimi ni nani?" Usiinamishe kichwa. Huna lako la kuonea haya hapo. Nakukumbusha tu kwamba swali hilo uliliuliza kabla hujaanza kung'oka meno.

Na ndugu zetu wakachoka. Chumba walichotupa kikapatikana kina mwenyewe, tukaonyeshwa mlango kwa maneno mazuri sana. Aliyetuchukua alikuwa mwanamke wa Kiha, muuza dagaa, Mama Chausiku, hana udugu nasi wa damu wala wa ndoa, alituona tumekaa juu ya mizigo yetu pembeni mwa soko, jua la mchana linachoma kitoto mgongoni. Hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza, "Hiyo cherehani inafanya kazi?" Nikasema inafanya. Akasema, "Basi nina chumba cha mbele, kinanuka dagaa, lakini kina mwanga." Nilishona katika harufu ile ya dagaa kupita mwaka. Mpaka leo mtu akikaanga dagaa hapa jirani naona macho yananilengalenga, na nyinyi mnadhani ni moshi.

Kisha habari ikatufikia kwamba mvua zilikuja, zikaenda, zikaja tena, na Mzee Songoro bado yuko Rwezamenyo kizingitini kwake anasokota uzi. Yule mkubwa mwenye viatu vipya alikuwa amehamishwa, na aliyemfuata hakuwa na habari. Amri ile ilichakaa kabla ya kanzu ya baba yangu! Niliposikia hayo nilifunga mizigo yangu papo hapo. Baba yenu akasema, "Mimi sirudi nikafukuzwe mara ya pili." Nikamwambia, "Hamisi, hapa tumekwisha kufukuzwa, ila kwa adabu." Hakutaka. Alibaki, akaoa huko, akafia huko. Nimemsamehe, Mungu amrehemu, wala msimchukie, hofu haina dawa kwa kila mtu. Lakini msije mkawaambia wajukuu zangu kwamba niliachwa. Mimi ndiye niliyeondoka. Nilishuka pale Nyabugogo, mtoto mgongoni, mtoto mkononi, cherehani kichwani, nikapanda mlima huu kwa miguu mchana kweupe katikati ya barabara, na kila aliyeniuliza, "Mama Swedi, umerudi?" nikamjibu, "Nilikwenda kutembea."

Kwa hiyo cherehani nimewalea. Swedi, unalo jambo moja unanidai moyoni, nalijua, kwamba ningekuacha wakubatize wakupe jina la shule, leo ungekuwa karani wa wizara unaishi kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma. Sitaomba radhi kwa hilo. Shehe Nasibu alikufundisha kusoma, lori ulilosafiri nalo likakufundisha njia za dunia, na mkate unaokula hukuulipia kwa jina lako. Hasira nimeipokea, ni haki yako. Radhi sitaomba.

Habiba, maji. Kidogo. Inatosha.

Sasa nije kwa Mukabalisa. Mwaka wa themanini na mbili, kule Uganda upande wa Mbarara, watu waliamka wakawageukia majirani zao wenye asili ya huku, waliolima pamoja na kuzikana pamoja, wakawaambia, "Nyinyi Wanyaruanda rudini kwenu," nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, wakasukumwa hadi mpakani. Na huku nako hawakupokewa kwa vigelegele. Waliowahi kuvuka waliwekwa makambini kule mashariki, na wengine walikaa katikati ya mpaka, mbele askari na nyuma askari. Mukabalisa alizaliwa huko Mbarara, na mama yake pia huko huko. Hakuwahi kuiona Rwanda hata kwa ndoto. Mumewe alimfia kambini kwa kuhara, naye akaondoka kambini bila kumuaga mtu.

Nilimkuta sokoni Nyabugogo nilikokwenda kununua vifungo. Amevaa gomesi, lile vazi lao lenye mabega yaliyochongoka, na wachuuzi wanamzunguka wanacheka. "Wewe Mgande, mabega hayo unataka kuruka?" Ameshika gomesi nyingine mkononi, anaiuza. Mimi sikutazama uso wake kwanza, nilitazama mshono. Nikauliza, "Nani kashona hii?" Akasema, "Mimi." Nikageuza pindo, nikatafuta kosa, sikuliona. Nikamwambia, "Nina chumba cha mbele." Akanitazama kwa jicho kali akasema, "Mama, mimi siombi. Nashona." Nikajua huyu ni wangu.

Wala si malaika, na nyinyi msimfanye malaika mkamchoka. Anatia chumvi nyingi kwenye mchuzi. Ana hasira za asubuhi. Tumegombana juu ya mabega ya nguo mpaka wateja wakakimbia, yeye akitaka yachongoke kama ya Kampala na mimi nikitaka yalale, na mwisho wa yote mabega yake ndiyo yaliyoleta mabibi-harusi wa Nyamirambo nzima kwenye mlango wangu. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee, nami nilipona. Macho yangu yalikuwa yamekwisha kuona tundu la sindano kama wingu, na bila yeye chumba kile kingefungwa, na mimi ningekaa nawangoja nyinyi mnitumie unga.

Wewe Swedi ulirudi safari ukamkuta. Hukuniuliza. Ulibeba furushi lake ukalitupa barabarani, ukamwambia mbele ya majirani, "Mgeni wewe, rudi kwenu!" Mzee Munyakazi alisikia, mtaa mzima ulisikia. Nilikuwa nakata kitambaa. Niliweka mkasi, nikatoka, nikakalia lile furushi katikati ya barabara. Ukaniambia, "Mama, inuka, watu wanatazama."

Nikakwambia, "Watazame. Walinitazama nikipanda mlima huu na cherehani kichwani, na macho yao hayakuniua. Ukitaka kulitupa furushi mbali zaidi, litupe na mimi juu yake."

Magari yalinizunguka. Wenye baiskeli walinitukana. Nilikaa mpaka adhana ya alasiri, na wewe ukaondoka kwenda Gisimenti, hukukanyaga hapa mwaka mzima. Nani aliyelirudisha furushi ndani? Mukabalisa mwenyewe, na mimi akaniinua kwa mkono mwingine, huku ananigombeza kwamba nimeuchafua mgongo wa gauni.

Baadaye konseye, mkuu wa mtaa wetu, alikuja, amepata habari kwamba hapa kuna mtu aliyetoka kambini bila ruhusa. Watu walisema ni wewe uliyempelekea. Sikiliza vizuri, Swedi, na Shehe asikie: niliwajibu kwamba mwanangu ana hasira, lakini hana ulimi wa kuchongea. Sikukuuliza siku ile, na leo sikuulizi, kwa sababu nakujua. Konseye akasimama, akamwonyesha Mukabalisa kwa kidole. "Huyu nani?"

"Fundi wangu."

"Katoka wapi?"

"Jikoni, alikuwa anaunguza maharage."

"Mama Swedi, usinichezee. Kitambulisho chake kiko wapi?"

Nikamwambia, "Mheshimiwa, suruali uliyovaa nilikushonea mimi, nikakupunguzia kiuno mara ya kwanza, na ulipopata cheo nikakiongeza. Huyu ndiye aliyekiongeza. Ukimpeleka kambini, vua." Watu wakaangua kicheko pale nje. Akatoka bila kuaga, naye hajarudi. Lakini huenda akarudi nikifa. Waoga hungoja matanga. Ndiyo maana sitaki Mukabalisa abaki humu kwa huruma yako, Swedi, ambayo leo ipo na kesho umeamka vibaya. Nataka abaki kwa haki. Mtu akimuuliza mlangoni, awe na mlango wa kusimamia.

Ngojeni. Kifua... Ngojeni nivute pumzi.

Usia mwingine ni huu. Mniogeshe wanawake wa mtaa huu, Habiba akiwa kichwani kwangu. Sanda aikate Mukabalisa, asiikate mwingine, mkono wake unakwenda sawa. Mnizike Nyamirambo ubavuni mwa baba yangu, na atakayekuja na shauri la kunisafirisha popote mwambieni nimekwisha kufika. Na jeneza msilipitishe kichochoroni kama mzigo wa magendo. Lipitisheni barabara kubwa, mbele ya ofisi ya segiteri, ile ya konseye, mchana. Mkifika pale mbadilishane mabega taratibu. Msikimbie. Wakitoka kutazama, watazame.

Habiba, mumeo wa Butare ni mtu mwema, lakini usimwachie aisemee sehemu yako. Isemee mwenyewe. Swedi, usiwapige wanao kwa sababu ya Kiswahili wala kwa sababu ya Kinyarwanda, waache waseme vyote, na wakichanganya, wachanganye. Mama yangu alikuwa akisema inkingi imwe ntigera inzu, nguzo moja haisimamishi nyumba. Ninyi mlidhani alikuwa anazungumza habari za nyumba.

Nasikia ndoo inaburutwa uani. Ni yeye, anafua mashuka yangu. Nilimwita tangu asubuhi aje asikilize, akakataa, akasema, "Mama, hayo ni maneno ya watoto wa nyumba." Hajui ninalosema humu. Hakuomba, na akijua atagombana nami kwanza.

Nenda kamwite, Swedi.

Sikumwambia Habiba. Keti, Habiba. Nimemwambia Swedi. Mimi sina nguvu tena ya kwenda kukalia furushi la mtu barabarani, mwanangu, mifupa imekataa. Kuanzia leo ni zamu yako ama si ya mtu. Sikulazimishi. Theluthi ni yangu, nimekwisha kuitoa, na mashahidi hawa wawili hawanunuliki. Lakini namna ya kuitoa, hiyo iko mikononi mwako. Waweza kukaa hapo mkekani, Shehe akamwita, akaingia humu kama mtu aliyeshinda kesi. Au waweza kuinuka.

Ameinuka. Habiba, ameinuka? Macho yangu... Naona kivuli tu mlangoni. Amekwenda? Alhamdulillahi. Wamesimama hapo nje? Wanasemaje? Usiniambie. Waache.

Mola wangu, hawa ni watoto wa mbeba mizigo. Wape mabega. Wape... wape riziki isiyoulizwa ilikotoka kwa sababu ni safi. Usiwatie hofu iliyomwingia baba yao. Na akija mtu amekaa juu ya mizigo yake, uwape macho ya kumwona. Amina. Semeni amina.

Nani huyo? Mikono ina maji ya sabuni, baridi... Mukabalisa. Usilie, hujui hata unalilia nini, Shehe atakwambia. Na huyu aliyekushika bega ni Swedi? Vizuri. Vizuri sana.

Sasa usisimame hapo mlangoni, binti yangu. Swedi, mpishe mkekani. Hapo. Keti.